Diski Moja, Majina Matatu: Kwa Nini Gemu za Ngumi za Katuni za Kijapani Hazifanani Kila Nchi

Juzi baada ya magharibi, kwenye banda la gemu la mtaani kwetu Ngamiani, Tanga, vijana wawili walikaribia kushikana mashati kwa sababu ya diski. Mmoja alikuja na yake ndani ya bahasha ya karatasi, imeandikwa kwa maka peni nyeusi: TENKAICHI 3. Ya mwenzake imeandikwa SPARKING METEOR. Mwenye banda akaiweka hii ya pili. Menyu ikaja kwa Kijapani kitupu, na Goku, shujaa wa katuni ya Dragon Ball, alipofungua kinywa ikatoka sauti nyembamba ya mama mtu mzima.

"Feki hiyo," akasema wa kwanza. "Goku gani anaongea kama bibi?"

"Feki ya kwako! Hii ndiyo ya Japani kwenyewe."

Mwenye banda akanigeukia. "Kaka, wewe ndiye fundi. Ipi orijino?"

Zote mbili. Ni gemu ile ile, ilitoka mwaka ule ule wa 2007, imetengenezwa na kampuni ile ile ya Spike. Japani iliuzwa kwa jina la Dragon Ball Z: Sparking! Meteor, Marekani na Ulaya ikaitwa Dragon Ball Z: Budokai Tenkaichi 3. Na sauti ile iliyomchekesha kijana ni ya Masako Nozawa, mwanamama ambaye amekuwa Goku wa Wajapani tangu katuni ilipoanza kurushwa 1986. Sauti nzito tuliyoizoea ya Kiingereza, ya Sean Schemmel, ilikuja miaka mingi baadaye. Kama kuna mwenye haki ya kuitwa Goku wa kwanza, ni yule mama.

Nimefungua na kufunga pleistesheni kwa miaka mingi sasa, na ugomvi huu nimeukuta kila mahali, kuanzia Makorora hadi Chumbageni. Nadhani ni ugomvi wa kwetu hasa. Mtoto wa Paris au wa Tokyo, enzi za PS2, yaani pleistesheni ya pili, aliona aina moja tu ya diski, kwa sababu mashine yake ilikataa nyingine. Sony iliigawa dunia katika kanda, na mashine ya Ulaya haikusoma diski ya Marekani wala ya Japani. Huku kwetu karibu kila mashine ilikuwa imepigwa chipu, ikasoma kila kitu. Diski nyingine zikaja na mizigo ya Dubai, nyingine zikavuka mpaka wa Horohoro kutoka Mombasa, nyingine zikachomwa hapa hapa mjini kutoka kwenye faili ambalo hakuna aliyejua lilianzia wapi. Rafu moja ya banda la Ngamiani ikabeba kanda zote tatu za dunia, na hakuna aliyetuambia kwamba zinatofautiana.

Tuanze na majina, maana ndiyo yanayogombanisha wengi.

Mwaka 2002 kampuni ya Dimps ilitengeneza gemu ya ngumi ya PS2 iliyoitwa Dragon Ball Z: Budokai. Marekani na Ulaya waliipata kwanza, mwishoni mwa mwaka huo. Wajapani wakaipata Februari 2003, na kwao iliitwa Dragon Ball Z tu, basi. Ya pili kwao ikawa Dragon Ball Z 2, ya tatu Dragon Ball Z 3. Kisha 2005 Spike wakaja na kitu kingine kabisa: mpiganaji anaonekana kwa nyuma, uwanja ni mpana, mnaruka na kufukuzana angani. Japani wakaipa jina jipya, Sparking!, kwa kuwa ni gemu mpya. Marekani, ambako haki za kuuza zilikuwa mikononi mwa Atari, jina la Budokai lilikuwa limeshazoeleka madukani, kwa hiyo ile mpya ikabandikwa Budokai Tenkaichi. Matokeo yake, hadi leo kuna watu wanaoamini kwamba Budokai 3 na Budokai Tenkaichi 3 ni ndugu wa tumbo moja. Siyo. Waliozitengeneza ni tofauti, mikono yake ni tofauti, na bingwa wa hii anaweza kupigwa vibaya kwenye ile. Maneno yenyewe yametoka ndani ya hadithi: Tenkaichi Budokai ni yale mashindano makubwa ya kumtafuta mpiganaji nambari moja chini ya mbingu. Wamarekani waliyageuza tu, la mbele likaenda nyuma.

Kwa Naruto, katuni ya yule kijana ninja, mkorogo ni mkubwa zaidi. Gemu za PS2 zilizoanza Japani 2003 kwa jina la Narutimate Hero ndizo zilizokuja kuitwa Ultimate Ninja. Zile za GameCube, mashine ya Nintendo, zilizoitwa Gekitou Ninja Taisen, Marekani ziliitwa Clash of Ninja. Ya kwanza na ya pili Wamarekani walipewa zote mbili mwaka 2006. Ulaya wakaruka ya kwanza, wakapewa ile ya pili peke yake, nayo ikaitwa Clash of Ninja European Version, bila namba. Ya tatu na ya nne ziliuzwa Japani peke yake. Na Ultimate Ninja 5 iliuzwa Ulaya lakini Marekani haikufika. Kwa hiyo Mmarekani anayesema "hakuna kitu kama Ultimate Ninja 5" hadanganyi, na kijana wa Tanga anayesema "mbona ninayo" naye hadanganyi. Ni kama kuvuka Horohoro: upande huu daladala, upande ule matatu, na abiria wamebanana vilevile.

Kwa nini nchi moja ipate na nyingine ikose? Jibu kubwa ni televisheni. Gemu ya katuni hutembea nyuma ya katuni. Hakuna muuzaji anayeagiza gemu ya mhusika asiyejulikana sebuleni kwa watu.

Ufaransa ni mfano ninaoupenda. Katuni ya Dragon Ball ilianza kurushwa kule 1988, mapema kuliko nchi nyingi za Magharibi, na watoto wakaipenda kupita kiasi. Ndiyo maana 1993 gemu ya Super Nintendo iitwayo Super Butoden ilitua Ufaransa, ikafuatwa na ya pili iliyobatizwa La Légende Saien, na ya tatu, Ultime Menace. Ndani yake majina yalikuwa yale ya katuni ya Kifaransa: Goku ni Sangoku, Gohan ni Sangohan. Piccolo, kwa Wafaransa, aliitwa Satan Petit-Cœur. Wakati huo Mmarekani wa kawaida hakuwa anamjua Goku ni nani. Dragon Ball Z ilianza kurushwa Marekani 1996, na gemu ya Final Bout ya PS1 ilipouzwa kule 1997, nakala zilikuwa chache mno kiasi kwamba baadaye zikawa adimu na ghali. Mwaka 2004, katuni ilipokuwa imeshapamba moto, Atari wakaitoa upya. Ultimate Battle 22 ni ushahidi mzuri zaidi: Japani 1995, Ulaya 1996, Marekani 2003. Miaka minane! PS1 yenyewe ilikuwa imeshazeeka, na wanunuzi wa kule waliona michoro ya kizamani wasielewe kwamba gemu ilikuwa na umri wa mtoto wa darasa la pili.

Naruto naye vivyo hivyo. Japani katuni ilianza Oktoba 2002, Marekani Septemba 2005, na gemu za Marekani zikafuata 2006. Ila kufikia 2008 mambo yalikuwa yamegeuka. Kampuni ya CyberConnect2 walipotoa Ultimate Ninja Storm ya PS3, Magharibi walicheza Novemba, Wajapani wakasubiri hadi Januari 2009. Soko la nje lilikuwa limekua kiasi cha kuhudumiwa mwanzo.

Sababu ya pili ni haki. Hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu, na ndipo wachezaji wanapotoa lawama zisizo na msingi.

Katuni moja ina wenye mali wengi. Kuna mchoraji na gazeti lililochapa hadithi, kuna studio iliyoichora itembee, wapo wenye nyimbo na wenye sauti. Na haki za nchi moja hazivuki mpaka zenyewe. Kila nchi huuziwa mtu wake. Gemu yenye katuni moja inahitaji saini kadhaa. Gemu yenye katuni thelathini inahitaji saini za watu ambao pengine hawasalimiani. Jump Super Stars ya 2005 na Jump Ultimate Stars ya 2006, za Nintendo DS, ziliwakusanya Goku, Luffy, Naruto na wenzao wengi uwanja mmoja, na hazikuuzwa nje ya Japani. Bahati nzuri DS haikuwa na kufuli la kanda, ndiyo maana kuna waliozicheza hadi huku kwetu bila kuelewa herufi hata moja. Bleach: Heat the Soul ya PSP, ile mashine ndogo ya mkononi ya Sony, ilifika toleo la saba, na Marekani na Ulaya hawakuuziwa hata moja.

Tazama Tatsunoko vs. Capcom, gemu inayowapambanisha wahusika wa studio ya katuni ya Tatsunoko na wale wa kampuni ya gemu ya Capcom. Japani ilitoka Desemba 2008. Ili iuzwe nje, ilibidi haki za kila mhusika wa Tatsunoko zifuatiliwe moja moja, kwa sababu katuni zile zilishauzwa kwa kampuni mbalimbali miaka ya nyuma. Toleo la nje likatoka Januari 2010, na mhusika mmoja, Hakushon Daimaō, yule jini wa kwenye chupa, hakuwemo. Badala yake waliongezwa watano wapya. Mjapani aliyenunua mapema akabaki na jini. Wa nje waliosubiri wakapata watano. Usimwite mtengenezaji mvivu hapo. Ukurasa mmoja wa mkataba unaweza kumfuta mtu mzima kwenye gemu.

JoJo's Bizarre Adventure ndiyo iliyopata taabu kuliko zote. Mchoraji wake, Hirohiko Araki, anapenda muziki wa Magharibi, na wahusika wake na nguvu zao amewapa majina ya bendi na nyimbo. Japani hilo halikumsumbua mtu. Lakini All Star Battle ilipovuka kwenda Marekani na Ulaya 2014, kumwuza mhusika kwa jina la mwanamuziki aliye hai kungeweza kuleta kesi. Kwa hiyo Killer Queen akaandikwa Deadly Queen, Crazy Diamond akawa Shining Diamond, Sticky Fingers akawa Zipper Man. Na utamu wenyewe uko hapa: sauti ilibaki ya Kijapani. Mpiganaji anapiga kelele jina la kweli, na chini ya kioo maandishi yanasema jina jingine. Anayesikiliza anajua moja, anayesoma anajua lingine, na wakikutana wanabishana.

Muziki nao hubadilika. Guilty Gear XX #Reload ilipouzwa Korea Kusini ilipewa muziki mpya mzima, uliotungwa na mwanamuziki wa rok wa huko, Shin Hae-chul. Ngumi zile zile, ngoma nyingine kabisa. J-Stars Victory VS Japani ilikuwa na toleo maalumu lenye nyimbo halisi za katuni, nje hakuna. Na haki zina tarehe ya kwisha. Jump Force ilitoka dunia nzima 2019, na Februari 2022 ikaondolewa kwenye maduka ya mtandaoni. Mwenye diski bado anacheza. Asiye nayo, basi tena.

Kuna na mabadiliko ya heshima au imani. Mr. Satan, yule bingwa mwenye majigambo, katika Kiingereza cha Marekani aliitwa Hercule, na kwenye gemu zao za PS2 ndilo jina utakalolikuta. Sioni ajabu. Nyumba niliyolelewa, jina la Shetani lisingetajwa sebuleni kila dakika bibi akae kimya.

Sasa tuje kwenye tofauti ambayo macho ya Tanga yaliiona mapema kuliko masikio: picha.

Waliokulia kwenye TV ya chogo wanakumbuka. Unaweka diski, sauti inakuja safi, picha inakuja nyeusi na nyeupe. Au inapanda juu, inapanda juu, haisimami, unapiga TV kofi ubavuni. Wengi walidhani diski mbovu, wakarudisha. Diski ilikuwa nzima. Tanzania, kama Ulaya, ilifuata mfumo wa televisheni uitwao PAL. Marekani na Japani walifuata NTSC. PAL huonyesha picha 25 kamili kwa sekunde, kila moja ikipigwa kwa mapigo mawili, jumla mapigo 50. NTSC ni picha 30, mapigo 60. Namba hizo zilitokana na umeme: wetu ni wa hezi 50, wa Marekani 60. (Japani umeme wake uko wa aina zote mbili, mashariki 50 na magharibi 60, lakini televisheni walichagua ya Kimarekani.) TV ya chogo iliyotengenezwa kwa PAL peke yake ilipopewa NTSC ilishindwa kusoma rangi. TV za baadaye zikaweza mifumo yote, na tatizo likapotea bila mtu kujua lilikuwa nini.

Lakini kuna kilichojificha nyuma yake, nacho kwa mpiga ngumi ni kikubwa. Gemu za ngumi hupimwa kwa fremu, yaani picha moja moja zinazopita kwenye kioo. Mtengenezaji anasema: pigo hili linachukua fremu sita kufika. Kwenye mapigo 60 kwa sekunde, fremu sita ni sehemu ya kumi ya sekunde. Ukiichukua gemu hiyo hiyo ukaiendesha kwa mapigo 50 bila kurekebisha hesabu, fremu sita zinakuwa nzito zaidi, na gemu nzima inapungua kasi kwa karibu asilimia 17. Wachezaji wengi wa Ulaya enzi za Super Nintendo na PS1 walikua na gemu za pole pole, zenye mikanda myeusi juu na chini ya picha, kwa sababu PAL ina mistari mingi zaidi na haikujazwa. Baadaye baadhi ya diski za Ulaya zikaweka chaguo pale mwanzo: 50 au 60. Ukikutana nalo, na TV yako inakubali, chagua 60 bila kufikiri mara mbili.

Hii inaeleza kitu nilichokishuhudia mara nyingi. Kijana anatisha mtaani kwake, anakuja banda la pili, gemu ile ile, anapigwa kama ngoma. Anasema padi mbovu. Mara nyingine padi ni nzima, ila vidole vyake vimezoea mwendo wa diski nyingine.

Na vidole vina jambo jingine. Yule kijana wa Tenkaichi, juzi, alipokubali kucheza ile ya Kijapani, alimchagua Vegeta akabonyeza eksi. Menyu ikarudi nyuma. Akamchagua tena, eksi, ikarudi. Mara ya tatu akaweka padi chini. Kwenye diski nyingi za Japani duara ndiyo kukubali, na eksi ni kukataa. Shuleni kwao mwalimu huweka duara kwenye jibu sahihi. Magharibi wakageuza, eksi ikawa kukubali, sisi tukafuata. Huwa nawaambia vijana wafikirie daftari zao: mwalimu wa Tanga akikuwekea eksi nyekundu, umepata au umekosa? Kwa akili ya darasani sisi tuko na Wajapani. Hata hivyo tangu PS5 ya 2020, Sony wameamua eksi iwe kukubali dunia nzima, Japani ikiwemo.

Kilichoniuma mimi binafsi ni memori kadi. Tenkaichi 3 ina wahusika 98, na ukihesabu na mageuzi yao wanafika 161. Wengi wamefungwa, unawafungua kwa jasho. Nilikuwa nimefungua karibu wote kwa diski ya Kimarekani. Ikakwaruzika. Nikanunua nyingine, nikaweka, gemu ikanianzishia moja, kana kwamba sijawahi kucheza. Kadi ilikuwa nzima na kazi yangu ilikuwa ndani yake, ila diski mpya ilikuwa ya Ulaya, na kila diski hutafuta kumbukumbu yenye alama ya kanda yake tu. Likizo nzima ikapotea hivyo, na muuzaji hakujua zaidi yangu.

Tangu siku ile nasoma namba kabla ya kutoa hela. Kwenye PS2, SLPS au SLPM ni ya Japani, SLUS ni ya Marekani, SLES ni ya Ulaya. Diski ya kuchoma haina chapa juu, lakini ukiifungua kwenye kompyuta kuna faili dogo liitwalo SYSTEM.CNF, na namba iko humo humo. PS3 ni BLUS na BLES kwa Marekani na Ulaya. Wanaocheza PPSSPP, ile programu ya kuendesha gemu za PSP kwenye simu, watafute ULUS, ULES, na ULJS au ULJM. Rafiki akikupa faili la kumbukumbu yake likakataa kuonekana, linganisha herufi hizo kwanza kabla ya kulaumu simu. Na ukiona Tag VS, usiipite ukidhani ni gemu nyingine. Ndiyo Tenkaichi Tag Team ya Wajapani.

Kwenye PS4 kufuli la diski halipo, lakini mtego umehamia dukani. Diski ya Marekani hukubali wahusika wa ziada walionunuliwa kwenye duka la Marekani tu. Ya Ulaya, la Ulaya. Huku watu hufungua akaunti ya nchi yoyote itakayokubali kadi waliyoipata, ya Marekani, ya Uingereza au ya Afrika Kusini. Mpwa wangu alinunua wapiganaji kwa akaunti ya nchi moja na diski ikawa ya kanda nyingine. Hela imekwenda, wapiganaji wameshuka kwenye mashine, gemu haiwaoni. Namba ya gemu ya PS4, inayoanza na CUSA, iko ubavuni mwa kasha: iulize ni ya kanda gani, halafu ndipo ufungue akaunti.

Oktoba 2024 ile familia ya Spike ilirudi baada ya miaka 17, ikiwa na wahusika 182, na safari hii jina ni moja kwa dunia nzima: Dragon Ball: Sparking! Zero. Jina la Kijapani ndilo lililobaki. Usiku ule, wale vijana walipokwisha kupatana na mechi ya nne kuanza, yule wa Sparking Meteor aliuliza kama banda litaleta ile mpya.

"Ipi?" akasema mwenye banda.

"Tenkaichi 4," akajibu.